Maelezo Kuhusu Mwavuli wa Njano

KITUO CHA POLISI CHA WILAYA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lamduan Phromkaew
Umri: Miaka 61
Kazi: Muuza kuku wa kuchoma na wali wa kunata
Makazi: Nyuma ya soko la asubuhi, mkabala na kambi ya jeshi
Tarehe: 11 Agosti 2564 (kalenda ya Kibudha), saa 9:05 alasiri

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Nimekuja kwa kuitwa, si kwa kupenda. Binti aliyeko mahabusu, Fon, miaka 19, mwanafunzi wa ualimu, ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka minne. Fon kwetu maana yake ni mvua.

Mnamo tarehe 9 Agosti, saa 1:30 asubuhi, nilikuwa mezani pangu mbele ya lango la kambi, na Fon alikuwa akinisaidia. Mvua ilikuwa inanyesha. Mwavuli wangu ni ule mkubwa wa njano. Wauzaji wote tuligawiwa miavuli hiyo na kambi mwaka juzi, siku ya kuzaliwa kwa mfalme, kwa kuwa njano ni rangi yake, tukapigwa picha tukiwa tumeishika. Wangu ulianza kuvuja msimu uleule. Siku hiyo maji yalikuwa yakidondokea makaa, nami nilikuwa nalalamika tangu alfajiri. Fon akageuza kibao changu cha bei, akaandika nyuma yake kwa kalamu nene: MWAVULI MKUBWA, BADO TUNALOWA. Akakitundika kwenye mti wa mwavuli.

Saa 2:00 kamili wimbo wa taifa ulipigwa kwenye vipaza sauti. Tulisimama wima sote. Fon naye alisimama. Naomba hilo liandikwe.

Wimbo ulipokwisha akaja mlalamikaji, Bwana Prawet, mwenye duka la mbolea. Alikisoma kibao mara mbili, kisha akafoka: "We binti, unamsema nani hapa?"

Fon akamjibu: "Mjomba, nasema mwavuli. Kwani wewe umemfikiria nani?"

Soko zima likaangua kicheko. Hata askari wawili wa zamu langoni walicheka. Mimi pia nilicheka, na kicheko hicho nakijutia mpaka sasa. Bwana Prawet akaondoka kwenda kushtaki. Saa 4:15 gari la polisi lilikuja kumchukua Fon. Alikuwa bado ameshika kijiti cha kuchomea kuku.

Mkaguzi anayeandika maelezo haya ameniuliza kama nimewahi kujihusisha na siasa. Mume wangu alikwenda mji mkuu mwaka 2553 kudai uchaguzi, akarudi ndani ya sanduku. Mkaguzi amesema hilo halihusiani na shauri hili. Nimesema liandikwe. Mimi mwenyewe nimepiga kura kila ilipoitishwa, na mara mbili wanajeshi wameiondoa serikali niliyoichagua. Ndiyo maana siku za maandamano nilikuwa namfichia Fon viatu asiende. Kumbe hatari ilikuwa mezani pangu.

Mkaguzi ameniuliza niliposoma kibao nilielewa nini. Nimejibu nilielewa kwamba tunalowa.

Akaniambia: "Mama Lamduan, usinizungushe. Kila mtu anajua mwavuli ni nani."

Nikamwambia: "Basi mtaje wewe, afande, uandike. Nami nitasema kama ndiye."

Aliweka kalamu chini. Aliitazama picha ya mfalme iliyo ukutani, kisha mlango.

Akasema: "Mama, unataka nifukuzwe kazi?"

Nikasema: "Mwanangu, mimi namtaka mtoto wangu." Namwita mwanangu kwa sababu ananunua kuku kwangu tangu amevaa kaptura za shule.

Naogopa. Nimeambiwa kosa hili ni kifungo cha miaka mitatu hadi kumi na mitano. Kumi na mitano sitaimaliza mimi. Nimeambiwa pia nikisema nilielewa vile anavyosema Bwana Prawet, nitarudi nyumbani leo bila usumbufu. Sikuelewa hivyo. Mwavuli ni wangu na unavuja. Kama yupo aliyemfikiria mtu mwingine, aitwe yeye, aandike kwa mkono wake alichokifikiria, na jina aliweke yeye.

Nimesomewa yote neno kwa neno. Haya ndiyo maelezo yangu, na hata nikiitwa kesho nitasema hayahaya.

Sahihi ya shahidi: L. Phromkaew

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Mkaguzi Anurak Wongsa, na kumsomea shahidi kabla hajatia sahihi. Shahidi hakumtaja mtu yeyote. Kielelezo namba 1, mwavuli mmoja wa njano, nimeufungua mwenyewe uani saa 10:40, mvua ikinyesha, nikasimama chini yake dakika tano. Unavuja.