Majibu ya Damu Yaliyotumwa kwa Kila Mtu

Jumanne, Sumbawanga

Upepo wa leo unapenya hadi kwenye mifupa. Nimevaa sweta mbili, lakini kinachonitetemesha ni hasira.

Bosi wangu ana maabara binafsi hapa mjini. Mimi nipo mapokezi. Majibu ya wateja nilikuwa nayatuma mwenyewe kwa barua pepe, moja moja, kila mtu na yake. Mwezi uliopita bosi akarudi kutoka semina kichwa kimemvimba. Eti biashara za maana siku hizi hazitumi barua zenyewe, zinawapa wataalamu. Wataalamu wenyewe aliwaokota kwenye kundi la WhatsApp. Hajui hata wako mji gani. Akawapa neno la siri la barua pepe yetu kama mtu anayegawa karanga.

Na orodha ya wateja, pamoja na majibu yao, niliituma mimi.

Nilijua ni upuuzi. Nilinyamaza kwa sababu kazi ilipungua, nikawa natoka saa tisa.

Ijumaa hao wataalamu wakatuma majibu ya wiki nzima kwa mkupuo. Barua moja kwa watu wote. Kila aliyeifungua akasoma damu ya mwenzake.

Leo asubuhi amekuja Mwalimu Leokadia, mama mtu mzima anayefundisha upande wa Kaengesa. Alipima homa ya ini, na majibu hayakuwa mazuri. Mwalimu mwenzake naye ni mteja wetu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Jana ofisini nimekuta kikombe changu kimetengwa dirishani. Hakuna aliyesema neno. Wamejuaje?"

Bosi akatoka chumbani kwake na lile tabasamu la kwenye mabango. "Mama, ni changamoto za mtandao tu. Wataalamu wetu wanazishughulikia."

Changamoto za mtandao! Mwanaume mzima, amefunga tai, anamdanganya mama wa watu mchana kweupe huku anaangalia saa. Na mimi niliwahi kumheshimu huyu.

"Si mtandao, mwalimu," nikasema. "Tuliwapa watu tusiowajua barua zenu. Orodha niliituma mimi. Nisamehe."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho. Alitoa daftari kwenye mkoba.

"Andika hayo uliyosema. Uweke na sahihi."

Nikaandika. Mwandiko ulitoka kama wa mtoto wa darasa la pili.

Alipoondoka bosi akafoka, "Skola, umeniuza!" Aliyemwaga siri za watu barabarani ndiye analia kuuzwa. Nikamwuliza kama angalau amebadilisha neno la siri. Akaniuliza linabadilishwaje.

Nikajaribu mwenyewe. Likakataa. Wataalamu wameshalibadilisha, na bwana mkubwa hawezi hata kufungua barua zake.

Akaniambia kesho tutaongea vizuri. Najua maana yake.

Kabla ya kufunga nikafungua daftari la mapokezi, nikaanza kuwapigia wateja simu. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Laela. Hakuwa na habari. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na wewe binti, ulijua tangu lini kwamba hao watu si wa kuaminika?"

Ningeweza kusema ni mtandao.

"Tangu siku ya kwanza, baba," nikamwambia.

Akakata simu. Nikapiga namba iliyofuata.