Siku Mama Alipomkalia Mkwewe

Karibu na daraja la Sosiani,
Eldoret.
19 Agosti 1951

Mpendwa kaka yangu Walubengo,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Kifua chako kimepona? Huko Jinja kwenye kazi ya bwawa wanakulisha vizuri, ama bado ni samaki wa miiba kila siku? Wifi Tryphosa na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe, na wanangu wana afya hata wanavunja vikombe. Mimi ni mzima isipokuwa hasira, na hiyo utaiona huko mbele.

Soma barua hii ukiwa umeketi. Mama amefukuzwa nyumbani, na ni wewe tu unayeweza kumrudisha. Lakini siwezi kukueleza hayo bila kuanza na gari.

Unalikumbuka lile boksibodi kuukuu ambalo mume wangu Murunga na mdogo wake Kituyi walinunua kwa yule Kaburu aliyehama. Linabeba mboga na kuku kutoka Ainabkoi mpaka soko la hapa. Tangu mvua za Juni injini yake ilianza kulia. Mlio mwembamba wa puani, kama mbwa aliyefungiwa nje. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachilia unashuka. Hata kuku walikuwa wakifika sokoni wameduwaa.

Murunga alisema ni giaboksi. Akaifungua, akamwaga oili, akatia mpya, na mlio ukabaki palepale. Kituyi akasema watoe mkanda wa feni, wawashe injini kidogo bila huo. Mlio ukinyamaza, basi ugonjwa uko kwenye kitu kinachozungushwa na mkanda, ama dainamo ama pampu ya maji. Maneno ya maana kabisa. Lakini shemeji yako unamjua. Mtu aliyenyonya baada yake hawezi kumfundisha kitu, kwa hiyo alimjibu kwa spana.

Walipigana, kaka! Kituyi aling'olewa jino, naye akamng'ata kaka yake sikio mpaka kukatoka kipande. Walianguka juu ya mafiga yangu, sufuria ikapinduka, ugali ukaingia kwenye majivu. Niliwamwagia maji ya vyombo, nikasukumwa, nikaangukia kiwiko. Hapo nikaokota mwiko, nikawagawia wote wawili bila upendeleo. Kituyi aliondoka akitema damu, akaapa hatakanyaga kwetu mpaka siku ya kumzika kaka yake.

Habari ikipanda mlima hunenepa. Ilipofika Ainabkoi kwa Mama ilikuwa imekuwa hivi: Murunga amenivunja mkono. Mama aliacha pareto shambani, akachukua rungu, akashuka bila kutuma neno. Hapo ndipo palipoharibika. Wewe unajua desturi yetu. Mama mkwe hutanguliza neno, ili mkwe apate kuondoka. Hawaonani uso kwa uso, na kugusana ndiyo mwiko wenyewe.

Asubuhi hiyo Murunga alikuwa amefungua boneti, injini inanguruma. Ameshikilia bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, anatafuta mlio unatoka wapi. Alishapita dainamo na sasa alikuwa anaisogelea feni. Ndipo sauti ya Mama ikapasuka langoni: "Ako wapi huyo? Toka nje, muuaji wa watoto wa watu!"

Mtu mwingine angekimbilia nyuma ya nyumba. Huyu wangu alivuta koti akajifunika kichwa, akainama humohumo ndani ya injini ajifiche. Feni ikanasa mkono wa koti, na mkono wake ukafuata.

Sauti ile sitaki kukuandikia. Nilikimbia nikazima injini. Vidole viwili vilikuwa vimelala kwenye vumbi, na damu ilikuwa inaruka kutoka kwenye kifundo cha mkono kama maji ya bomba lililopasuka. Niliganda. Mimi na mdomo wangu wote, niliganda.

Mama alitupa rungu. Na sikia maajabu: Murunga anakufa, na bado anamkimbia mama mkwe! Alikuwa anatambaa na koti kichwani, analia, "Usinishike, Mama, usinishike!" Mama alimkamata mguu, akamvuta nyuma, akamzaba makofi mawili, akamkalia kifuani. Nawe unaujua uzito wa Mama. Aliuinua ule mkono juu, akaufunga kwa kitambaa chake cha kichwa, akakisokota kwa kijiti mpaka damu ikakoma. Mvi zake zilikuwa wazi, na damu imemlowesha mpaka magotini.

"Utaniheshimu ukishapona," akamwambia. "Maiti haina mkwe."

Jirani yetu Kipyego alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni tukampeleka hospitali. Daktari alisema bila kile kitambaa tungekuwa tunachimba kaburi. Kituyi alikuja mbio, akalia mbele ya watu bila aibu. Kesho yake alitoa mkanda wa feni, akawasha injini: kimya. Akaizungusha pampu ya maji kwa mkono, ikakwaruza kama changarawe kwenye meno. Beringi ilikuwa imekauka grisi, imelika. Alitia nyingine, na gari halilii tena. Jana nililipiga teke kwa sababu ya huo ukimya wake.

Sasa ndiyo shida yenyewe. Baba mdogo, Mzee Khaemba, mwenye amri kwenye boma la Ainabkoi, anasema Mama ametia laana ukoo mzima na wajukuu watapofuka. Alitupa vyombo vya Mama nje, na Mama alipojaribu kuingia, alimchapa fimbo ya mgongo. Mama yetu, Walubengo! Kwangu hawezi kulala, Murunga yupo. Basi analala juu ya magunia jikoni kwa Jemutai, mke wa Kipyego. Halalamiki. Kila jioni Murunga hupita njia ya nyuma asionane naye, akaacha kuni mlangoni, amezibeba kwa mkono wa kushoto.

Kondoo wa kutakasa tumempata, amefungwa hapa. Mzee anasema ni lazima ashikwe na mtoto wa kiume wa Mama wakati wa kuchinja, na huyo ni wewe peke yako. Kisha akacheka, akasema wewe umeshakuwa mtu wa Uganda, hutakuja.

Panda treni, kaka. Bwana wako akikunyima ruhusa, mwambie mama yako hana pa kulala, maana ni kweli. Jumapili ijayo ikipita bila wewe, nitampandisha huyo kondoo Ainabkoi na kumshika mimi mwenyewe, mwanamke hivi nilivyo. Mzee Khaemba na alete fimbo yake. Mgongo wa Mama umejaa, wangu bado una nafasi.

Msalimie sana wifi, na umbusu Musimbi mdogo. Kituyi anakusalimu kwa pengo lake. Mungu akufunike njiani, akufikishe mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokufokea,
Nelima