Firigisi Yako Nimeila Mimi

Baba Wanjala,

Salamu sikupi nyingi, maana wewe ndiye uliondoka bila kuaga, chai yako bado inatoa moshi. Kaa hapo ulipo unisikilize. Leo huwezi kusema unaenda kuangalia ng'ombe. Ninaandika kwa daftari ya Nekesa, na kama herufi zimepinda, pinda shingo usome. Ulijua nimefika darasa la nne tu na ukanioa hivyo hivyo.

Kwanza habari za nyumbani. Seng'enge imeanguka upande wa jirani, ule upande ulisema umemaliza. Viazi vimekubali. Wanjala bado yuko Olkaria na kazi yake ya umeme wa mvuke, anapiga simu kila jioni kuuliza kama nimekula. Namwambia nimekula. Na kanisani, ile chuma ya reli uliyokuwa ukigonga kuita watu, siku hizi inagongwa na mzee wa kwaya. Anaigonga kama mtu anabisha mlango wa choo. Watu wanachelewa kwa sababu hawajui kama wameitwa.

Kuku ndio wamenishinda. Wamejaa mpaka wanalala juu ya baiskeli yako. Tangu tukuzike sijachinja hata mmoja, na sababu unaijua. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mama anaiosha, anaitoa ile ngozi ya manjano, anaipika, anaiweka juu kabisa kwa sahani ya mzee, na yeye hata kidole halambi. Sasa mzee hayuko. Nikichinja, ile firigisi niipeleke wapi? Nikaona heri kuku wazeeke. Nikawa nakula sukuma nikiwa nimesimama hapo jikoni, sufuria mkononi, kama askari wa zamu. Meza yako niliweka cherehani juu.

Sasa sikia mambo ya mjukuu wako. Nekesa alianza kupotea Jumapili. Namtafuta kwa kiti chetu kanisani, hayuko. Nikamuuliza mara moja tu, unajua mimi siulizi mara mbili. Akasema, "Kukhu, nimepata kanisa lingine. Tunakutana kwa karakana ya fundi wa viti huko Kaptembwo. Ibada yenyewe ni kula."

Nikamwambia kula si ibada, kula ni kula. Siku hizi kuna makanisa ya kushindisha watu njaa, na sasa kuna ya kushibisha, na mimi siamini hata moja. Nikamuuliza nyumbani kwani amekosa chakula? Mtoto akaniangalia. Akasema, "Chakula sijakosa. Nimekosa watu wa kukula nao. Wewe unakula umesimama, mimi nakula chumbani na simu. Huko naketi."

Baba Wanjala, nilichukua ufagio nikafagia jikoni niliyokuwa nimeifagia asubuhi.

Basi nikaamua Jumapili naenda kumtoa huko mwenyewe. Lakini mtu haendi kumtoa mtoto kwa watu akiwa mikono mitupu, watasema bibi ya yule mzee wa reli hana adabu. Nikachinja yule jogoo mwekundu. Nilipofika kwa firigisi nikasimama nayo mkononi, maji yakinidondokea miguuni. Kuitupa siwezi. Nikaitia ndani ya sufuria pamoja na nyama zingine, nikaifunika haraka kama nimeiba.

Tukafika. Kanisa gani halina mimbari? Wameweka mbao ndefu juu ya vigogo vya fundi, viti kila kimoja na sura yake, vingine bado havina rangi, na chini takataka ya randa mpaka kwa viatu. Kijana mmoja wa nywele za kusokota akanifungulia mikono, "Mathe, karibu!" Nikamuuliza mathe ni nani, nilimzaa wapi, na hizo nywele mamake ameziona? Akasema ameziona. Akanibebea sufuria. Alibeba vizuri, siwezi kusema uongo.

Hapo ndipo niliaibika mara ya kwanza. Katikati ya meza kulikuwa na mkate mzima, haujafunikwa, nzi wanauzunguka, na watu wamesimama tu wanaongea. Nikasema hawa wameachiwa nyumba na nani? Nikatoa kisu changu kwa mkoba, nikaukata wote vipande, na kwa vile niliona mkebe wa siagi hapo kando, nikapaka. Nilipaka mpaka pembeni, unajua sipendi mkate mkavu. Nilikuwa nimebakisha vipande viwili Nekesa aliponishika mkono akaniambia kwa sikio kwamba huo ndio mkate wa Bwana.

Niliomba hiyo sakafu ya vumbi inimeze. Mimi, wa chama cha kina mama, ninayefua vitambaa vya meza ya Bwana miaka yote hii! Lakini yule fundi, Kimani, ambaye ndiye mchungaji wao na hana hata koti, akacheka mpaka akashika meza. Akasema, "Mama, huwa naumega mwenyewe na makombo yanajaa kila mahali. Leo tumesaidiwa." Akaomba. Na wakala, Baba Wanjala. Meza nzima ilikula mwili wa Bwana na siagi, na hakuna aliyekufa. Mzee mmoja aliomba kipande cha pili.

Huyo mzee ndiye wa kukueleza. Anaitwa Njuguna, alikuwa jeshi pale Gilgil, amefiwa kama mimi, na meno yake unaweza kuhesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Walimketisha kushoto kwangu. Nekesa akaketi kulia. Kisha Kimani akatangaza sheria yao: hakuna mtu kujipakulia. Kila mtu anampakulia aliye kulia kwake, na ukipakuliwa, unakula ulichopewa, huo ndio wimbo wao na ndiyo sadaka yao. Nikasema moyoni hii ni sheria ya watoto. Nikampakulia Nekesa paja.

Nilipogeuka, kwa sahani yangu, juu ya ugali, kuna firigisi.

Juu kabisa. Vile nilikuwa nakuwekea.

Nikamwambia Njuguna, mzee, umekosea, hii si ya mwanamke. Akasema kwa sauti ya kambi, meza yote ikasikia, "Mama, mimi mambo ya kwenu sijui. Hiyo kitu nimeiangalia, nikaona meno yangu haitaiweza. Kula wewe." Watu wakacheka. Nekesa hakucheka. Aliacha paja lake, akaniangalia tu, anangoja kuona kama nitainuka.

Na mimi nilikuwa karibu kuinuka. Mkoba nilishashika. Lakini nikakukumbuka, yule kuku wa mwisho nilikupikia ukiwa mgonjwa. Uliikata firigisi mara mbili na kile kisu chako kidogo, ukanisukumia nusu, ukasema, "Kula, Mama Wanjala. Nani anaona?" Nikakufokea. Nikasema Mungu anaona, na mamako anaona huko aliko, na wewe ugonjwa umekupanda kichwani. Ukala nusu yako. Ile yangu ilikaa kwa sahani mpaka ikapoa, na asubuhi nikampa paka.

Paka, Baba Wanjala. Nusu yangu ililiwa na paka.

Nikaweka mkoba chini. Nikaila. Niliitafuna polepole na macho yakanitoka maji, nikawaambia ni pilipili, na hakuna pilipili niliweka. Njuguna akanipa leso yake. Ilikuwa safi, kitu kilichonishangaza.

Na sasa nina neno na wewe. Ni tamu! Miaka yote ile unatafuna umefumba macho, mimi nafikiri unaomba!

Nekesa sikumtoa. Ningemtoaje, na mimi mwenyewe nilirudia ugali? Nimemwambia Jumapili moja kwao, Jumapili moja kwetu, na hiyo ya kwetu aketi pale nitamwona. Jioni tulipofika nyumbani niliondoa cherehani mezani. Tulikula mabaki tumeketi, yeye kwa kiti chako, maana ndicho hakitingiki. Wanjala alipopiga simu kuuliza kama nimekula, nilimwambia nimekula, na kwa mara ya kwanza sikuwa nimesimama.

Njuguna usimwonee wivu. Yule hata mahindi ya kuchoma hawezi.

Nakuahidi hivi: nikichinja tena, nitaikata mara mbili kama ulivyotaka. Nusu yangu, na nusu ya yeyote atakayekuwa kulia kwangu. Paka atafute panya.

Lala salama, mzee wangu. Seng'enge nitaita fundi, wewe ilikushinda.

Ni mimi,
Mama Wanjala, niliyeshiba.