Sinki Lililowekwa kwa Ajili ya Kamera

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kile kiti chako chenye mto, mguu umeunyoosha kama daktari alivyokuagiza, na si juu ya paa la jirani unamrekebishia tangi. Magoti yanasemaje? Mama ananiambia unayapaka dawa siku mbili, ya tatu unajidai umepona. Na yeye mwenyewe, kifua kimeachia? Mimi mwilini ni mzima, nakula vizuri. Moyoni ndiko kunakochemka, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningelia au ningepiga kelele, na vyote viwili huvipendi.

Najua kaka amekwisha kukupa habari kwamba nimefukuzwa kazi kwa kumtukana bosi wangu mbele ya watu. Kaka alisikia nusu, na hiyo nusu yenyewe akaikoroga. Sikumtukana Profesa. Matusi nilikuwa nayo ya kutosha, ila sikuyatumia. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike, na ukishakasirika uchague mwenyewe wa kumkasirikia.

Unakumbuka nilivyoruka kwa furaha nilipopata nafasi kwenye ule utafiti wa hospitali. Tulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kompyuta: kufunga kamera darini mwa wodi ya watoto wachanga, ielekee sinki na vitanda, ione mikono na beji bila nyuso, kisha kuifundisha kompyuta itambue yenyewe kama muuguzi amenawa kabla hajamgusa mtoto. Ya pili, ambayo ndiyo niliyoisomea, ilikuwa ya vinasaba. Mtoto akipata maambukizi, nachukua vimelea kutoka kwenye damu yake, navisoma vinasaba vyake herufi kwa herufi, navilinganisha na vimelea vya sehemu nyingine za wodi, mpaka nijue vilitoka wapi. Ni kama wewe unavyofuata unyevu ukutani mpaka ufike bomba lilipopasuka. Nia ilikuwa njema, Baba, hilo siwezi kulikana. Wauguzi walikusanywa, Profesa akawaahidi kwa kinywa chake kwamba namba za beji zao zitaingia kwenye hesabu za utafiti tu, hakuna atakayeulizwa neno. Wakamwamini, wakatia sahihi.

Kasheshe ilianzia kwenye sinki. La zamani lilikuwa nyuma ya nguzo, kamera hailioni. Profesa akaagiza ling'olewe, likafungwa jipya katikati ya ukuta, chini ya taa, ubavuni mwa meza ya kuchanganyia dawa za watoto. Kwa picha lilikuwa zuri sana: jeupe, linang'aa, bakuli lake fupi kama sahani. Lakini bomba lilimwaga maji moja kwa moja juu ya tundu. Ukilifungua, maji yanagonga tundu yanarudi juu, na meza ya dawa inapata manyunyu. Wewe ungeuliza papo hapo ni fundi gani aliyefanya madudu hayo. Mimi, niliyekushikia spana tangu sijaanza shule, nililiona siku ya kwanza nikanyamaza. Nilijiambia mimi ni mtu wa maabara, mambo ya mabomba yana wenyewe.

Ambaye hakunyamaza ni muuguzi mmoja mkongwe. Wodini wanamwita Mama Sabuni kwa jinsi alivyo na wazimu wa kunawa. Vidole vyake vimekwajuka kama vya mtu anayeshinda anafua. Alisema sinki lile linatema mate, na yeye hatashika watoto wa watu kwa mikono iliyotemewa mate. Alilalamika kwa mdomo, hakujibiwa. Akaandika, hakujibiwa vilevile. Basi kila mara akawa anatoka wodini, anavuka korido, anaingia stoo ya mashuka ambako kuna sinki kuukuu lenye kina, ananawa humo, halafu anarudi na kuusukuma mlango kwa mgongo ili asishike kitasa.

Mwezi wa pili baada ya sinki kufungwa, watoto wakaanza kuugua. Walikuwa saba, Baba. Wawili tuliwapoteza. Mmoja aliishi siku kumi na moja, na mama yake alikuwa bado amelazwa ghorofa ya chini, hajapata nguvu za kupanda ngazi kuja kumwona.

Uongozi ukataka majibu, na Profesa alikuwa na jibu tayari kwenye kompyuta. Beji moja ilionekana kunawa mara tatu tu katika kumi, nazo ni za siku za mwanzo. Ahadi ile ya mkutanoni ikasahaulika kama haikuwahi kutolewa. Ilikuwa beji ya Mama Sabuni. Wakamsimamisha kazi, wakamvua beji mlangoni pa wodi, wazazi wanatazama, na mama mmoja akamwita muuaji. Miaka ishirini na sita ya kazi! Akaondoka na mkoba wake kifuani.

Mimi wakati huo nilikuwa bado nasoma vinasaba. Majibu yalipotoka niliyarudia mara mbili, kisha nikakaa kitako. Vimelea vya watoto wote saba vilikuwa pacha na vile nilivyovitoa kwenye tundu la sinki jipya, na kwenye meza ya dawa pia. Katika mamilioni ya herufi, zilizotofautiana zilikuwa moja au mbili. Tulikuwa tumechukua sampuli za mikono ya wauguzi wote. Za Mama Sabuni hazikuwa na kimelea hicho hata kimoja. Sinki tulilolileta sisi, ili kamera yetu ione vizuri, ndilo lililowaua wale watoto.

Nikampelekea Profesa. Aliyasoma mpaka ukurasa wa mwisho. Si mtu katili, nilimwona akilia tulipompoteza mtoto wa pili. Lakini alipofumbua mdomo aliniambia kwamba makala yetu ya kamera inatoka mwezi ujao, na haya ya sinki yatafaa kuwa makala ya pili. Nilidhani sikusikia sawasawa. Nikamuuliza, je, Mama Sabuni? Akasema kikao chake cha nidhamu ni shughuli ya hospitali, sisi ni watafiti. Je, sinki? Akasema uongozi utaarifiwa kwa utaratibu. Utaratibu! Maji yanaruka kwenye dawa za vichanga, mtu mzima mwenye watoto wake ananiambia utaratibu! Niliondoka bila kuaga. Nikaenda wodini, nikalifunika lile bomba kwa mfuko wa plastiki, nikauzungushia plasta mpaka ikaisha, nikaandika BOVU kwa herufi kubwa. Nesi wa zamu aliniuliza ni nani aliyeruhusu. Nikamwambia ni mimi.

Kikao cha nidhamu kilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye chumba kile cha meza ndefu. Niliingia sijaalikwa, nikaweka karatasi zangu za vinasaba mbele ya mwenyekiti, nikaeleza. Nilijua hapo mambo yamekwisha. Kumbe wapi. Mwenyekiti, daktari mwenye sauti ya upole, alisema anashukuru, suala la sinki litaundiwa kamati. Ila kosa lililo mezani ni jingine: mama huyu ameonekana kwenye kamera hanawi, na asiyenawa ni hatari, sinki liwe zima au bovu. Mama Sabuni akaeleza kwa mara ya tatu kwamba alikuwa akinawa stoo ya mashuka. Mwenyekiti akamuuliza:

"Nani alikuona?"

Akatazama huku na huku, akasema, "Sikujua kama kunawa kunahitaji shahidi."

Kaka anajua mpaka hapo tu, na ameambiwa kwamba ndipo niliporopoka. Sasa nikuambie ambalo kaka halijui, wala Mama, wala rafiki yangu yeyote.

Mimi nilimwona. Meza yangu ilikuwa kwenye korido ileile, nyuma ya kioo, ikitazamana na mlango wa stoo. Kila siku nilimwona akiingia na nikamwona akitoka, mikono ameinua, maji yanachuruzika mpaka kwenye viwiko. Alikuwa akinisalimia kwa kiwiko, na mimi nacheka.

Na si hivyo tu. Kompyuta haizaliwi inajua kunawa ni nini. Lazima mtu akae aitazame video kipande kwa kipande, abonyeze, amenawa au hakunawa, mpaka nayo ijifunze kuamua kama yeye. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipofika kwenye vipande vya Mama Sabuni akitoka nje ya picha na kurudi kushika mtoto, nilimuuliza Profesa nibonyeze nini, kwa sababu vitufe vilikuwa viwili tu. Akasema ambacho kamera haikukiona hakipo. Nikabonyeza "hakunawa". Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu mawili, Baba, maji yanamtoka mikononi, na nikabonyeza "hakunawa". Nilihesabu baadaye. Ni mara mia nne na kumi na mbili. Sikutishwa wala kulazimishwa. Nilitaka tu kumaliza kazi na kuonekana mtu asiye na usumbufu.

Basi nikasimama nikayasema hayo yote. Profesa akanikatiza, akasema mfumo wake umethibitishwa, unaona kwa usahihi wa asilimia tisini na sita. Nikamwambia, "Profesa, mfumo wako unaona kile nilichouambia uone. Na mimi nilikuwa nauongopea, na wewe ulijua." Hilo ndilo tusi lenyewe. Barua ya kuachishwa kazi niliipata siku hiyohiyo, kwa kosa la kutoa siri za utafiti.

Mama Sabuni alinikuta koridoni nikikusanya vitu vyangu. Nilianza kuomba radhi, akainua mkono kunizuia.

"Uliniona?"

"Nilikuona, Mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akasema, taratibu kabisa, "Na mimi miezi yote hii nilikuwa naichukia mashine." Akaenda zake. Hakunipa mkono, na sikutegemea anipe.

Amerudishwa kazini. Sinki limeng'olewa, na tangu hapo hakuna mtoto aliyeugua ugonjwa ule. Makala imesimamishwa, japo nasikia Profesa anatafuta hospitali nyingine yenye ukuta mzuri. Barua waliyomwandikia Mama Sabuni nimeisoma, maana imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Hakuna neno samahani ndani yake, na wazazi wa wale watoto wawili hawakutajwa kabisa. Inasema yote yalitokana na hitilafu ya kiufundi.

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Kesho nakwenda kuwaona wale akina mama wawili, mmoja baada ya mwingine, niwaeleze kilichowapata watoto wao. Hakuna aliyenituma na huenda wakanifukuza. Kazi nitatafuta, usihangaike kwa ajili yangu, na usiniambie kwamba nilikuwa jasiri. Nisalimie Mama, umwambie aendelee na dawa ya kifua hata akijisikia nafuu. Nisalimie kaka na watoto wake, na mafundi wenzako wote wanaokuja kukutania hapo barazani.

Wao wameandika hitilafu ya kiufundi, Baba. Hitilafu hiyo ina jina, na jina hilo ulilichagua wewe siku niliyozaliwa.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba wako