Hina Ni Yangu, Ukurasa Ni wa Mama Shahad Mwingine

Bi. Mardhiya, shikamoo. Nakusoma kila Jumamosi na leo nami nimekuja mlangoni kwako, naomba unishauri kabla sijanuniana bure na mume wangu, ambaye kwa kweli sina la kumlalamikia, ananitunza, ananitania, na tumeishi kwa raha.

Mimi ni mchoraji wa hina na piko hapa Bagamoyo, sasa mwaka juzi walikuja watu wa filamu kutoka Dar, hadithi yao ina harusi ndani, wakaniomba nimchore bibi harusi, nikamchora mikono na miguu, na kila siku wakirudi kupiga picha narudia ua lile lile palepale lisionekane limehama, mgongo uliniuma lakini niliipenda kazi ile, na walipomaliza akaja kijana anayeandika majina akaniuliza, mama, tukuandikeje, nami bila kufikiri nikamjibu Mama Shahad, maana unajua kwetu mke wa mtu hamtajii jina lake mwanamume wa kupita, hata fundi umeme ananijua kwa jina la mwanangu.

Filamu ilipotoka nikaliona linapita mwishoni, nikafurahi, nikajua yamekwisha. Kumbe kuna tovuti kubwa inayoorodhesha filamu na kila aliyezifanyia kazi, na wenye filamu wakitafuta mtu huanzia huko. Majuzi kampuni nyingine inayokwenda kupiga filamu Pangani imeniandikia, tutumie ukurasa wako tuone kazi zako. Mpwa wangu Naila akautafuta, akacheka mpaka akakaa chini. Hina yangu imewekwa kwenye ukurasa wa mwigizaji mmoja wa Dar, naye hujiita Mama Shahad, huigiza mama wakwe wakali, na picha yake ya miwani ya jua iko pale juu. Yule mama hana kosa, tovuti imeona jina moja ikadhani ni mtu mmoja.

Naila anataka tuandike jina langu kamili alilonipa baba yangu. Mume wangu hataki. Hakugomba, amesema tu, “Mama Shahad ndiyo heshima yako kwangu. Ukijiandika kwa jina la baba yako watu watasema nimekuacha.” Mama mkwe anamuunga mkono. Watu wa Pangani watasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Naitaka kazi ile, Bi. Mardhiya, na nikisema kweli, nataka na jina langu lionekane. Hii ni tamaa? Nimekuandikia jina nyuma ya karatasi, tafadhali usilitoe gazetini.

Mama Shahad, Bagamoyo

Marahaba, mwanangu. Jina lako nimelisoma, ni zuri, na halitatoka kwangu.

Si tamaa hata kidogo. Chanda chema huvikwa pete, na pete yako imevikwa chanda cha mwenzio. Lakini na wewe una lako. Mtu anakuuliza jina la kuandikwa kwenye filamu, unamjibu kama unamjibu muuza samaki! Mtaani kwako Mama Shahad inatosha kwa sababu wanaokuita wanakujua kwa sura. Tovuti haimjui mtu kwa sura.

Sasa tulia unisikilize. Jina lililopita kwenye filamu halifutwi. Ukurasa unakuwa wa jina lako kamili, na pembeni ya filamu ile inaandikwa kwamba humo uliitwa Mama Shahad. Heshima ya mumeo inabaki hapo hapo. Nahisi hakuna aliyemweleza hilo, Naila alikuwa anacheka.

Fungua akaunti kwa barua pepe yako mwenyewe, maana Naila kesho ataolewa Tanga na nywila ataondoka nayo. Waandikie wenye filamu, kwa adabu, wakuthibitishie kwamba hina ile ni kazi yako, kisha uiombe tovuti ikutenganishe na yule mwigizaji. Vyake usiviguse. Ukipata namba yake mpigie umsalimie, huenda naye amechoka kuulizwa habari za hina. Picha ya uso si lazima, weka ya mkono uliouchora. Mambo haya hayaishi kwa siku moja, kwa hiyo watu wa Pangani watumie picha za kazi zako leo, uwaambie ukurasa unarekebishwa.

Na mumeo usimnunie. Mwanamume anayekataa bila kugomba anataka kubembelezwa. Mpikie anachokipenda, ashibe, umwonyeshe tovuti, halafu umuulize kwa upole: siku ile amekaa mbele ya shehe, kashikwa mkono, alisema amekubali kumuoa nani? Shahad alikuwa hajazaliwa. Alilitaja jina lako na la baba yako kwa sauti, wanaume wote wakasikia, na mama yake alipoletewa habari akapiga vigelegele.