Jani la Isale kwenye Sahani

Mwika, 10 Juni 2024

Mwanangu Aikaeli,

Hujambo huko jikoni? Mimi mzima, ng'ombe mzima, paa linavuja palepale unapopajua. Nakuandikia kwa sababu simu nasikia nusu, na nusu yenyewe huwa ya mtu mwingine. Wenseslaus atakuletea barua hii pamoja na maparachichi ya hoteli yenu.

Asante kwa kunialika Jumamosi na Jumapili nikalala na kula kama waziri. Nilimaliza sahani zote. Wageni wa meza ya jirani waliacha kula wakawa wananitazama mimi.

Basi, sikumaliza. Unajua, maana sahani zilirudi kwako. Yule mbuzi nilimfunga kwenye kitambaa chenu cha mezani nikampa mbwa wa mlinzi. Kitambaa mdaini mbwa.

Lakini na nyie mna mambo. Sahani pana kama ungo, nyama kama kipande cha sabuni kilichobaki. Mhudumu akaanza kunieleza kuku alizaliwa wapi, alilelewaje, ana tabia gani, nikadhani tumekuja kuposa. Na wale wageni wanaolipa ili wachume kahawa kwa mikono yao, waambie kwangu wanaweza kupalilia bure.

Sasa lililonishikisha kalamu. Jumapili mchana ilikuja sahani, chini ya ndizi pamelazwa jani la isale. Nililitazama mpaka chakula kikapoa. Mwanangu, siku ya kumzika mama yako uliondoka viatu vikiwa bado na udongo, hukuniaga, hukukaa matanga. Miaka miwili nimekufungia roho. Lakini kwetu aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Hata babu yako, mkorofi kuliko mimi, aliletewa na mtu aliyemsogezea mpaka wa kihamba chake cha migomba, akampokea. Kwa hiyo nimekusamehe. Nilifuta macho kwa mkate wenu, maana kitambaa kilikuwa kwa mbwa.

Njoo nyumbani.

Baba yako


Machame, 16 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini umeamka salama na kile kikohozi kimepungua. Mimi sijambo.

Barua yako nimeirudia mara nyingi, na sitaki kukudanganya. Lile jani si langu. Analiweka Flavia, anayepamba meza, kwa sababu lina kijani kizuri na halichafui sahani. Siku ile wageni wote walipewa, hata yule mzee Mjerumani. Yeye alijaribu kulitafuna.

Sikukuomba msamaha, baba. Nilipokuwa Durban nasomea upishi, kila nilipopiga simu ulisema mama yuko shambani, mama anakamua, mama amelala mapema. Kumbe muda wote huo yuko kitandani. Ulisema hukutaka niache masomo. Nikaja kuitwa kuzika. Mtu niliyejifunza kupika kwa ajili yake hakuonja hata chumvi ya mkono wangu. Ningekaaje matanga nikitazamana na wewe?

Nilikualika ili angalau aliyebaki aonje. Kila kitu nilipika mwenyewe, nikawa nachungulia. Sahani zikarudi zimejaa, isipokuwa ya mbuzi, na sasa nimejua nani alimla. Ulichokula ni mtori tu, ile supu ya ndizi za kuponda, ukakwangua bakuli. Kama chakula changu hakikufai, ungesema.

Mwanao,
Aikaeli


Mwika, 4 Agosti 2024

Mwanangu,

Hujambo? Nimechelewa. Nilianza kukujibu, barua moja ikageuka matusi, nyingine mahubiri, zote nikawashia moto. Chai ilichemka vizuri.

Ukiniuliza hali, hilo nitalijibu huko chini, usiruke.

Kwanza huyo Mjerumani. Mtu aliyetafuna isale hatakuja kudaiwa msamaha tena maisha yake yote, mwacheni. Flavia naye apambe na kabichi. Mimi nimekaa hapa nikijiona mjinga, nimesamehe sahani. Na nilishatangaza. Jirani yangu Elisaria alitoa mbege, tukanywa kwa ajili ya jani la mapambo.

Chakula chako nilikitamani. Kilikataa kupita. Tangu Pasaka nyama inakwama kooni, ikafuata ndizi, sasa hata wali. Mtori peke yake ndio ulioshuka. Juzi nilikwenda hospitali mjini, wakanipitishia mpira wenye taa. Daktari, binti wa rika lako, akasema ni uvimbe, na jina lake ni lile tunaloogopa kulitaja. Nikauliza kama watakata. Akasema umeshaenea. Nikamuuliza kama naweza kumwambia binti yangu ni mafua. Hakucheka.

Kwa hiyo nakuambia. Baba yako hayuko shambani, hakamui, hajalala mapema. Anaumwa. Umejua kabla ya mchungaji, kabla ya Elisaria. Aliyekutangulia ni ng'ombe tu.

Ndani ya bahasha kuna jani. Limetoka kwenye masale ya kaburini kwa mama yako, nimelikata kwa mkono wangu. Hili hakuliweka Flavia.

Halafu nakudai mtori. Ule wa hotelini niliula kama mgeni, hauhesabiki. Njoo uupike hapa, kwa sufuria ya mama yako, uuponde mpaka uwe kama uji. Nyama usitie. Chumvi tia. Daktari hakuikataza, au aliikataza kwenye lile sikio lisilosikia.

Baba yako