Marahaba Ambayo Hukuisikia

Mjukuu wangu Rehema uliyeko Mwanza,

Huku Mafiga tu wazima, na mama yako amepona mafua. Unauliza kwa nini sikuitikia shikamoo yako kwenye kile kikao cha harusi cha kwenye simu. Niliitikia mpaka koo likakauka! Kumbe maiki yangu ilikuwa imezimwa. Mkamsikia bibi yako wa Dakawa tu, mkacheka naye, roho ikaniuma.

Nikiwa msichana, nilimpungia babu yako mkono stesheni ya Kingolwira treni ikiondoka. Nilisimama nyuma ya rafiki yangu Zena, basi akamwona Zena tu. Barua yake ya kwanza ikaenda kwa Zena.

Kikao kijacho nitaiwasha maiki mapema. Nisalimie mimi kwanza, na usimgeukie wa Dakawa mpaka umeisikia marahaba yangu.

Bibi yako wa Mafiga